Nuhu wa Sinema na Mke wa Hamu

Wasomaji wetu wamezoea kuona katika ukurasa huu maneno juu ya vitabu. Mara hii twaomba ruhusa yao tuseme juu ya picha ya sinema, kwa kuwa picha hiyo imefika kwetu Kigwa, ikaonyeshwa usiku mbele ya wakubwa na watoto, na maswali iliyoyaacha hayajaisha hata sasa. Picha yenyewe yaitwa Noah, yaani Nuhu. Aliitengeneza Bwana Darren Aronofsky wa Marekani, ikatolewa mwaka 2014. Sisi tuliiona nyuma sana ya wenzetu, kama mambo mengi ya mjini yanavyotufikia yakiwa yamekwisha kuchakaa. Ukuta uliopakwa chokaa ndio uliokuwa pazia. Jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba. Na kijana mmoja ajuaye Kiingereza alisimama kando akitufasiria kwa sauti kubwa.

Picha ilipokwisha, mwimbaji mmoja wa kwaya alisimama akasema kwa furaha, "Kumbe, mwalimu, Nuhu hakumlaani Hamu!" Mzee aliyeketi mbele akamjibu bila kugeuka, "Alimlaani. Hawa wameficha tu." Pakawa na ubishi, huyu akivuta huku na yule kule. Ndipo bibi mmoja mkongwe, asiyejua kusoma lakini aliyeyasikia Maandiko maisha yake yote, akauliza, "Na mke wa Hamu je, mbona hatukumwona?" Watu wakacheka, wakaenda zao kulala. Sisi tulilala na swali lile, na kadiri tulivyoifikiri picha ndivyo tulivyoona kwamba katika wote waliosema usiku ule, bibi yule ndiye aliyeipima vema.

Yapasa kwanza tumpe mtengenezaji haki yake. Habari ya Gharika ni ngumu mno kuitia katika picha. Msomaji afungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 6 hata ya 8, aangalie ni nani asemaye. Mungu anasema, Nuhu anafanya. Mungu ataja vipimo vya safina, urefu dhiraa 300, upana dhiraa 50, kwenda juu dhiraa 30. Ataja lami, ataja mlango na orofa, ataja chakula. Nuhu hajibu hata neno moja. Hashindani na Mungu kama Ibrahimu alivyoshindana kwa ajili ya Sodoma, wala hajitetei kama Musa mbele ya kijiti. Anapasua mbao. Mvua yanyesha siku arobaini mchana na usiku, maji yapata nguvu juu ya nchi siku 150, wala hatuisikii sauti yake. Kinywa chake chafunguka sura ya 9, aya ya 25, maji yamekwisha kukauka, mizabibu imekwisha kuzaa, na divai imekwisha kunywewa. Neno la kwanza la Nuhu katika Maandiko ni laana.

Sasa sinema haiwezi kukaa saa mbili na zaidi na mtu asiyesema. Ile picha ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979, ambayo vijiji vingi vya kwetu vimeiona kwa Kiswahili, ilikuwa na kazi nyepesi upande huo: iliifuata Injili ya Luka, na Luka amejaa maneno ya Bwana wetu, mifano yake na majibu yake. Mtengenezaji alikuta meza imekwisha kuandikwa. Lakini atakaye kumwonyesha Nuhu hana budi kumpa maneno ambayo Maandiko hayakumpa. Jirani zetu Waislamu wa Tabora wanaye Nuhu msemaji. Katika Kurani anakaa na watu wake miaka 950 akiwaonya, naye amwita mwanawe apande chomboni, mwana akataa, asema atakimbilia mlimani, na wimbi lapita kati yao. Hiyo ingekuwa picha ya kuliza watu. Lakini Waislamu wengi hawaoni vema manabii waigizwe, na kwa sababu hiyo Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu ziliizuia picha hii mwaka 2014.

Bwana Aronofsky hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1928 Bwana Michael Curtiz alitengeneza Noah's Ark, akamwaga maji mengi ya kweli juu ya watu walioigiza, hata wengine wakaumia. Gharika ya mchezo ikawa gharika kweli kweli. Mwaka 1936 ilitoka The Green Pastures, ambayo ndani yake waigizaji wote ni watu weusi wa Marekani, na Nuhu aliigizwa na Bwana Eddie Anderson. Nuhu yule aomba ruhusa ya kuingiza mapipa mawili ya pombe safinani, na Bwana Mungu amkubalia moja. Wako waliochukizwa na picha hiyo, nasi twaona kwamba ilimchekesha mzungu kuliko ilivyomfundisha mweusi. Hata hivyo ilikuwa na Nuhu mwenye uso kama wetu, miaka 78 kabla ya hii tunayoipima. Kisha mwaka 1966 Bwana John Huston katika The Bible alijifanya mwenyewe Nuhu, akawa msimulizi, tena akatoa sauti ya Mungu, jambo ambalo mchungaji ye yote angemwonya.

Basi, mazuri ya picha ya 2014 ni yapi? Safina yake si merikebu yenye omo na tezi kama ile iliyochorwa katika vitabu vya watoto. Ni sanduku kubwa la magogo, halina usukani wala tanga. Hapo mtengenezaji alisoma vizuri, maana neno la Kiebrania la safina, tevah, ndilo lile lile lililotumika kwa kile chombo cha manyasi alimolazwa mtoto Musa. Chombo kisichoongozwa na mtu. Aliyemo ndani yumo mkononi mwa Mungu. Tena wanyama wanapoingia, jamaa ya Nuhu wawafukizia moshi wa majani, nao walala usingizi wote pamoja. Watu wa Kigwa walipiga makofi hapo. Katika nchi ya warina asali hakuna asiyejua kwamba moshi humtuliza hata mwenye mwiba.

Liko na jambo la tatu, nalo ni kubwa. Mlango umekwisha kufungwa, jamaa ya Nuhu wameketi gizani, na nje wasikia vilio. Kisha twaonyeshwa kilele cha mwamba kinachotaka kufunikwa, na watu wameng'ang'ania pale, mmoja juu ya mwingine, na mawimbi yawabandua. Jamaa yake wasihi kwamba waliomo nje wasaidiwe, Nuhu akataa. Maandiko yasema kwa maneno machache tu kwamba kila chenye mwili kilikufa. Sisi waalimu tumefundisha habari hii miaka mingi kwa kuwachoresha watoto twiga wakichungulia dirishani, wala hatukuwahi kuwauliza waliokuwa nje walikufaje. Usiku ule pale ukutani watu wote wa Kigwa walinyamaza. Twamshukuru Bwana Aronofsky kwa nafasi ile, hata kama mengine yote tungeyakataa.

Na mengine twayakataa kweli. Hatutakaa sana juu ya majitu ya mawe. Ni malaika walioanguka, asema, ambao miili yao ya nuru imegandamana na mwamba. Amewatoa katika visa vya kale vya Wayahudi kama kitabu cha Henoko, na katika ile aya ngumu ya Mwanzo 6:4. Watoto waliwapenda. Ila majitu haya ndiyo yanayoijenga safina, nayo ndiyo yanayoilinda na adui. Basi kazi ya Nuhu imekwenda wapi? Sifa yake katika Maandiko ni kwamba alifanya kama alivyoamriwa, kwa mikono yake. Mtu aliyekwisha kuangusha mninga mmoja kwa shoka ajua ni siku ngapi za jasho zimo katika dhiraa 300.

Kosa zito ni jingine. Katika picha hii Mungu hasemi. Nuhu aota ndoto za maji na maiti, kisha ajifasiria mwenyewe, na tafsiri yake ni kwamba Muumba ataka wanadamu wote waishe, hata jamaa yake. Wao wawaokoe wanyama, kisha wafe mmoja mmoja, na mwanawe mdogo, Yafethi, awe mtu wa mwisho duniani. Shemu peke yake ana mwanamke, jina lake Ila, aliyedhaniwa tasa. Hamu hana mke. Ampata msichana mmoja katika mashimo ya maiti, akimbia naye kuelekea safina. Msichana anaswa mguu katika mtego, na Nuhu amwacha akanyagwe na watu wakimbiao. Ila azaa mapacha wa kike humo safinani, na babu yao asimama juu yao na kisu. Kisu hakishuki, upendo wamshinda. Bibi Emma Watson na Bwana Russell Crowe waliigiza nafasi ile kwa namna iliyowaliza mama zetu.

Lakini fungueni Mwanzo 6:18. Kabla tone moja halijaanguka, Mungu amwambia Nuhu nani atakayeingia: yeye, na wanawe, na mkewe, na wake za wanawe. Mungu mwenyewe amewahesabu wakwe. Na sura ya 7:13 yarudia hesabu siku ya kuingia: wake watatu wa wanawe Nuhu. Haikuwako haja ya kuota wala ya kukisia. Fumbo lote la picha hii, kisu, na uchungu wa Hamu, na chuki kati ya baba na mwana, limesimama juu ya jambo moja: kwamba wanawake wawili walioandikwa wamefutwa. Bibi wetu asiyejua kusoma aliona shimo lile kabla yetu sisi wenye vyeti.

Kwa nini twashika sana habari za mke wa Hamu? Kwa sababu tunakaa Kigwa. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi yetu hii, na wasafiri wa karne ya 19 wakaitaja Kigwa katika vituo vyao. Juu ya njia ile zilipita pembe za ndovu, nguo na shanga. Walipita na watu waliofungwa. Wala tusijifanye safi: babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, na wako waliokuwa na watumwa wao wenyewe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika Tanganyika utumwa haukufutwa kabisa kwa sheria mpaka mwaka 1922. Aliyeuza mtu hakuhitaji aya ya Biblia. Aya ililetwa na wengine, ili jambo lile lionekane kuwa lilipangwa tangu zamani.

Mmoja wao alipita hapa. Bwana John Hanning Speke alifika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1857 pamoja na Bwana Burton, akaja tena mwaka 1861 akienda kutafuta chimbuko la mto Naili. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1863, na mwanzoni mwake kabisa aeleza hali ya mtu mweusi kwa laana ya Nuhu: kwamba Hamu alilaaniwa na baba yake awe mtumwa wa ndugu zake, na sisi ndio watoto wake. Ajabu ni kwamba katika kitabu hicho hicho, alipowaona wafalme wa Karagwe na Buganda na utaratibu wao, alisema kwamba watawala hao hawakosi kuwa wageni waliotoka upande wa Uhabeshi. Waliomfuata wakalikuza neno hilo, wakawaita watu wa namna hiyo Wahamu, na sasa Hamu akawa jina la sifa, la mtawala aliyezaliwa kutawala wengine. Jina lile lile, mara kiatu cha kumkanyagia mtu, mara kilemba cha kumvika. Fundisho hilo lilikuwa mzizi mmoja wa chuki iliyoiva huko Rwanda, na mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti za watu hata Ziwa Victoria.

Basi yule mwimbaji wa kwaya aliyefurahi kwamba laana haikusemwa, furaha yake twaielewa. Amekwisha kuambiwa mahali fulani, labda kwa mzaha, kwamba sisi ni wana wa Hamu na ndiyo maana tuko hivi. Katika picha, Nuhu alewa, alala uchi pangoni karibu na bahari; Hamu amwona, ndugu zake wamfunika; kisha Hamu ashika njia aenda zake peke yake. Hakuna laana. Bwana Aronofsky amempa Nuhu maneno mengi asiyoyasema, akamnyang'anya yale machache aliyoyasema.

Mzee wetu alisema kwamba wameficha, na hilo ni kweli. Kuficha huko hakumsaidii kijana. Atakapofungua sura ya 9 ataikuta pale pale, na atadhani kwamba sinema ilimhurumia. Afadhali Nuhu angalisema mbele yetu sote, pale ukutani, maneno yake kama yalivyoandikwa, maana yakisikiwa sawasawa hayasemi walivyosema waliomfuata Speke. Aliyelaaniwa si Hamu. Ni Kanaani, mmoja wa wana wanne wa Hamu. Na wana wa Kanaani wametajwa katika sura ya 10 pamoja na mipaka yao, toka Sidoni hata Gaza. Hakuna humo Unyamwezi wala Usukuma. Aliyelaani ni mtu aliyeamka katika divai yake. Mungu hakulaani, Mungu katika aya ya kwanza ya sura ile ile amekwisha kuwabariki Nuhu na wanawe, na Hamu yumo. Kunyamaza kwa mtengenezaji kumeuacha uwongo wa zamani ukae ulipokuwa, ila umefunikwa nguo.

Tena kunyamaza huko kumekwenda pamoja na jambo la pili. Katika picha nzima hamna mtu mweusi hata mmoja, wala safinani wala kati ya wafao. Bwana Ari Handel, aliyeandika pamoja na Bwana Aronofsky, aliulizwa habari hiyo, akaeleza kwamba katika kisa cha namna hii rangi haina maana, kwa kuwa wale wachache wasimama mahali pa watu wote. Pengine. Lakini yashangaza kwamba kila mara rangi isiyo na maana inakuwa ya namna moja. Nasi tukijumlisha hesabu kama tufundishavyo darasani: mke wa Hamu amefutwa, Hamu ameondoka peke yake nyikani, bila mke huyo hazaliwi Kushi, wala Misri, wala Putu, wala Kanaani mwenyewe. Wametuondolea laana kwa kutuondoa sisi. Twasema "sisi" kwa namna ya watu walivyozoea, maana hatuna hakika kwamba Mwanzo 10 ilikusudia kuwahesabu watu wa Kigwa. Lakini mwenye kuitazama picha amekuja akijihesabu humo, na ameondoka hajajiona.

Liko neno moja juu ya yule kijana mfasiri. Sinema na misioni hazikukutana jana katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake walitengeneza picha 35 kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki na ya Kati, kazi iliyoanzishwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha za Carnegie. Zilikuwa picha za safura, za kilimo, za akiba ya posta, na sauti iliwekwa mbali na picha, katika sahani za santuri, ili lugha iweze kubadilishwa. Tangu siku zile, basi, picha hutoka kwa wenye mashine, lakini sauti yaweza kuwa yetu. Wafasiri wa picha za video wa Dar es Salaam, kama yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu, waliifanya kazi hiyo kuwa ufundi hasa; hawakufasiri tu, walieleza, walikemea, waliongeza mithali. Kijana wetu usiku ule alifasiri vizuri, ila Hamu alipoondoka alinyamaza, kwa kuwa Kiingereza nacho kilikuwa kimenyamaza.

Juma lililofuata tulikwenda nyumbani kwa yule bibi na Biblia. Tulimsomea 7:13. Alituambia tusome tena, akahesabu kwa vidole: Nuhu, Shemu, Hamu, Yafethi, mke wa Nuhu, kisha wale watatu. Aliuliza jina la mke wa Hamu. Tukamwambia halikuandikwa. Akasema, "Hata wale wa zamani hawakumtaja. Lakini alipanda."

Picha itaonyeshwa tena baada ya mavuno, kwa kuwa wa vijiji vya jirani wameiomba. Kijana amekubali kuja kwetu siku tatu kabla, na Biblia yake, ili tupatane ni wapi atafasiri, na ni wapi atawasha taa, asimamishe mashine na kusoma.